Kikuku Kilicholala Kama Sahani

Mashine yangu ya kusikiliza metali niliiunda kwa waya wa mota iliyoungua, mbao za sanduku la chai, na radio ya mkononi ambayo mwenyewe alikuwa ameikatia tamaa. Ilikuwa na uzito wa mbuzi mwenye mimba na sauti ya mbu aliyenyimwa chakula. Bado ninayo. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu, na mgeni akiingia kwetu hapa Kisangani hapewi maji kabla hajaulizwa kama ameiona. Mke wangu anasema ninawaonea wageni. Mimi nasema bila mashine ile asingekuwa mke wangu. Hapo anakwenda kuleta maji.

Ufundi huo niliupata shule ya jioni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa msingi, magoti yakitugusa kidevu, watu wazima wenye ndevu na mishahara midogo, na mwalimu akatufundisha umeme kwa chaki na maneno matupu, maana vifaa vilikuwa vinakuja kutoka Kinshasa na havikufika kamwe. Nilimaliza wa kwanza. Mke wangu hupenda kukumbusha kwamba tuliobaki mpaka mwisho tulikuwa wachache kiasi kwamba hata wa mwisho alikuwa jirani wa wa kwanza. Sawa. Lakini wa kwanza ni wa kwanza. Diploma niliitundika ukutani; picha ya harusi ilipokuja baadaye, ilibidi itafute nafasi chini yake.

Nilikuwa fundi umeme kwenye kinu cha kukoboa mpunga, kando ya mto, nyuma ya maghala. Ulikuwa wakati wa Zaire, wakati wa suti za abacost na kuitana citoyen, yaani mwananchi, asubuhi tunaimba na kucheza kwanza kwa ajili ya Chama, ndipo tunafungua mashine. Wapagazi wa pale, watu wenye mabega kama milango, walinipa jina: Ingénieur ya Mangaribi, injinia wa jioni, kwa sababu nilisoma jua likishazama. Walilisema kwa kunichokoza. Mimi nililipokea kama nishani.

Sasa nieleze mashine kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Unazungusha waya mara nyingi uwe duara, kama ungo. Hiyo tunaiita bobine. Ukipitisha ndani yake umeme unaochezacheza, mbele nyuma, mbele nyuma, basi na hewa iliyo karibu nayo inaingia kwenye ngoma hiyo, ingawa jicho halioni kitu. Leta kipande cha metali pale juu. Metali haiwezi kukaa kimya; nayo inachokozeka, umeme mdogo unaamka ndani yake, na kule kwenye radio niliyoifunga na bobine, mluzi unabadilika. Lililonifanya nijione nimevumbua jua ni hili: chuma kinashusha mluzi, unakuwa mnene kama sauti ya padri; shaba inaupandisha, unakuwa mwembamba kama wa ndege. Kwa hiyo nikiwa nimefumba macho ningeweza kukuambia kilichomo mfukoni mwako ni msumari au sarafu.

Niliitengeneza nikimfikiria gérant wetu, msimamizi wa kinu, mtu mwembamba aliyelala na kuamka akiihurumia mashine ya kukobolea, maana vipuri havikupatikana. Nilimwonyesha. Aliitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akicheza.

“Ni nzuri,” alisema. “Lakini kinu iko na sumaku.”

Kweli, pale mpunga unapoingilia kulikuwa na sumaku kubwa ya kunasa misumari. Nikamwambia sumaku haijui shaba. Shaba inapita mbele yake kama mtu anavyompita mdai wake sokoni. Akaniuliza nani analeta shaba kwenye mpunga. Nikairudisha mashine chini ya meza ya karakana, ikakaa hapo ikila vumbi la pumba.

Jibu lilikuja kwa mtumbwi wa mota kutoka Yanonge.

Wakati ule nilikuwa na mchumba, msichana wa Yanonge aliyeshona nguo karibu na soko. Mimi wazazi wangu walikuja mjini kutoka Maniema, na tonton zake, kaka za mama yake, hawakuwa na hakika na sisi. Walisema watu wa Maniema ni maneno mengi. Sijui walilitoa wapi hilo. Hata hivyo walikubali kuja mjini siku ya Jumamosi kupokea mahari, kwa sharti moja ambalo kwa familia ile si la kujadiliwa: siku msichana anapotolewa, mama yake anaweka mbele ya watu kikuku cha shaba cha mguuni alichovaa bibi wa bibi yao, kizito, cha mviringo, kimefungwa pande zote. Kikishaonekana, mahari inapokelewa, na kikuku kinarudi kwa mama kungoja msichana mwingine. Kisipoonekana, watu wanakunywa, wanashukuru, wanarudi nyumbani na binti yao.

Alhamisi saa sita mchana mchumba wangu aliingia karakana akikimbia, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi.

“Kikuku iko humu,” alisema.

“Humu wapi?”

“Mu mupunga wenu. Mu gunia.”

Alinieleza huku akipumua juu juu. Mama yake alikuja asubuhi na magunia ya mpunga ya kuuza, na kikuku alikificha ndani ya gunia moja, kwa sababu pale bandarini walikuwapo watu wa kukagua ambao kitu kinachong'aa hakikupita machoni mwao kikarudi kwa mwenyewe. Gunia lile lilikuwa libaki pembeni. Lakini mama alipokwenda kusalimia jamaa, wapagazi wa mkokoteni walibeba kila kitu, wakaleta kinuni, yakapimwa, yakatupwa juu ya mengine.

“Hakuliwekea alama?”

“Aliweka. Alifunga kitambaa cha kijani.”

Tulikwenda ghalani. Nisikilize vizuri: mlima wa magunia uliokuwa mle ndani ulikuwa mkubwa hivi kwamba ndege zinazotua uwanja wa Simi-Simi zililazimika kuinua mbawa. Mke wangu, ambaye anasoma haya juu ya bega langu, anasema ulifika kifuani mwa mtu. Basi ulifika kifuani mwa mtu mrefu sana, na ulijaa ghala zima. Na karibu kila gunia lilikuwa limefungwa kitambaa cha kijani.

Mchumba wangu alitazama mlima ule, akashika mdomo. Akaninong'oneza. Wakina mama wa Yanonge walikuwa wamepewa kitenge cha Chama kwa ajili ya gwaride, wote kitambaa kilekile, na kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alikata upindo kidogo, pale pasipo na picha ya Rais, akafungia magunia, akijisifu moyoni kwamba hakuna mwingine atakayethubutu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Hapa nieleze jambo la heshima. Kwao, mkwe hamtazami bokilo wake, yaani mama mkwe, usoni, wala hasemi naye neno kwa neno kabla mahari haijapokelewa. Kwa hiyo yule mama nilikuwa nikimjua kwa miguu zaidi. Siku ile miguu yake ilikuwa haitulii.

Nilikwenda kwa gérant. Kesho yake asubuhi kinu kilikuwa kinaanza kukoboa, maana meli ilikuwa inangoja mchele, na mlima ule ungechukua majuma kuisha. Gunia letu lingeweza kuwa la mwisho. Au lingekuwa la kwanza, na mpagazi angeona kitu kinang'aa kwenye mpunga unaomwagika, na shati lake lina mfuko.

“Citoyen gérant,” nilimwambia, “uliniuliza nani analeta shaba kwenye mpunga. Ni bokilo wangu.”

Alikaa chini. Alikuwa na mke wa ukoo kama ule, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Lakini alikuwa gérant.

“Siwezi kufungua magunia ya watu. Yamepimwa, yamefungwa, wenyewe wamerudi kwao. Nikifungua yote, kesho kila mutu atasema kwake kumepungua.” Akafikiri. “Gunia moja. Moja, nitafungua mbele ya macho yangu na nitalishona tena. Uko na muda mpaka king'ora ya jioni. Chukua wapagazi, kama watakubali.”

Wapagazi walikubali baada ya mimi kuwaalika wote kwenye harusi ambayo wakati huo haikuwapo. Niliwaahidi masanga, yaani pombe, mpaka mto ukauke. Mmoja wao, kiongozi wa maneno, akasema, “Ingénieur, ukikosa kile kintu, tutakunywa matanga yako.”

Nikaingia ghalani na mashine kifuani, bobine mkononi, najiona rubani. Nikaiwasha. Ililia. Nikasogea kushoto, ikalia. Kulia, ikalia. Nikaiinua juu, ikalia zaidi, kwa sababu mabati yalikuwa palepale. Kulikuwa na mizani ya chuma, mikokoteni ya chuma, misumari kwenye mbao zilizolala chini ya magunia, nondo ndani ya sakafu. Kumpeleka msikilizaji mwenye masikio kama yale ndani ya ghala lile ilikuwa kama kumpeleka mtu kusikiliza mbu katikati ya bendi ya tarumbeta.

“Inaimba vizuri,” alisema yule mpagazi. “Tutaiita harusini, tusilipe orchestre.”

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana wakikuona umekasirika umekwisha. Niliiona miguu ya bokilo mlangoni. Ilikuwa imesimama sasa, pamoja, kama ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba watu wa Maniema ni kama alivyosikia.

Nilitoka nje kupumua, nikamwambia mchumba wangu tatizo: lazima gunia lije kwa mashine, si mashine kwenda kwa gunia, na lazima liletwe mahali ambapo hakuna chuma, uani, juu ya mbao. Lakini mbao bila misumari zitasimamaje?

Alinitazama kama ninavyotazamwa hadi leo nikiwa natafuta miwani iliyo puani.

“Wavuvi wa kwenye maporomoko wanatumia musumari gani?” aliniuliza. “Miti yote ile mu maji inafungwa kamba ya mwitu tu. Mto unavuta mwaka muzima, haing'oke.”

Nimesoma umeme, na yeye alisoma kushona. Mshonaji anajua mambo ya kufunga. Tulibomoa uzio wa mbao nyuma ya karakana, tukang'oa misumari yote, tukafunga kwa kamba njia ya mteremko katikati ya ua, mbali na mabati, na chini yake, pale katikati, nikalaza bobine yangu kama ungo uliolala chini. Magunia yangeteleza juu yake moja moja, yamelala. Wapagazi nikawavua mikanda, funguo na visu. Mmoja ilibidi ashike suruali kwa mkono.

Gunia la kwanza likapita. Mashine ikalia, sauti nene ya chuma. Tukaliweka kando. La pili, sauti ileile. La tatu. La nne. Yule mpagazi wa maneno akafungua kinywa, nikamwonyesha kidole akifunge, maana nilikuwa nimeona.

Magasinier wetu, mtunza-ghala, alikuwa amesimama kando ya mteremko, akipiga kila gunia kofi kuhakikisha hakuna linalopotea. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa Chama hapo kinuni. Na kifuani pake, juu ya abacost, ilikaa nembo ya Chama, kubwa, ya chuma kilichopakwa rangi, ikiinama juu ya bobine yangu kila alipoinama.

Msomaji kijana atasema: mwambie aivue. Msomaji wa umri wangu ameshaanza kutokwa na jasho. Hakuna mtu, siku zile, aliyemwambia mkuu wa Chama avue nembo kwa sababu inasumbua radio. Gérant alikuwa ameiona pia. Alianza kuangalia mawingu.

Nikavuta pumzi. Nikanyoosha shati.

“Citoyen magasinier,” nilisema, “ninaona aibu. Kazi hii yote inafanyika na mkuu wetu amesimama mu vumbi kama mutu wa kawaida. Kungekuwa na haki, ungekaa kule, kwenye kivuli, mbele, magunia yapite chini ya macho yako, kama gwaride.”

Alifikiri kidogo. Akaangalia kule kwenye kivuli.

“Mwenye kuongoza anakaa mbele,” alisema. “Ni kweli.”

Tukampelekea kiti cha mbao. Akakaa, mikono magotini, kifua mbele, na magunia ya mpunga ya Yanonge yakaanza kupita mbele yake. Nakuapia kwamba mara moja aliyapungia mkono. Mke wangu anasema alikuwa anafukuza nzi.

Mashine ikatulia. Magunia yakapita, mluzi ukabaki sawasawa, na hapo ndipo nilianza kujua ni kitu gani nimetengeneza kwa mikono yangu. Gunia likapita, sauti ikashuka: chuma. Kando. Mengi tena kimya, halafu moja tena likashuka. Kumbe bokilo wangu hakuwa peke yake. Wakina mama wa Yanonge walikuwa wanasafirisha vitu vyao vya siri kwa mpunga. Nilijisikia kama padri anayesikiliza maungamo. Lakini mimi nilingoja sauti ya kupanda, sauti ya ndege, na hiyo haikuja.

Haikuja kabisa. Jua lilikuwa limefika juu ya mto upande wa chini, gunia la mwisho lenye kitambaa cha kijani likateleza, likapita juu ya bobine yangu, na mluzi ukabaki vilevile.

Gérant alikuja karibu. “Pengine hakimo,” alisema kwa upole. “Pengine kiliibiwa bandarini.”

“Kimo,” alisema bokilo, si kwangu, kwa hewa.

Niliinama juu ya mashine. Niliitoa pete ya shaba niliyoiandaa kwa ajili ya mchumba wangu, nikaipitisha juu ya bobine imelala. Ikapiga mluzi kama ndege. Mashine ni nzima. Nikaizungusha pete vidoleni nikifikiri, nikaipitisha tena, na mluzi haukutikisika. Nikaitazama mkononi. Safari hii nilikuwa nimeishika imesimama, kama gurudumu.

Basi damu ilinipanda kichwani. Mwalimu wetu alishatuambia, kwa chaki yake: duara la metali linajibu pale linapokuwa limelala sawa na bobine, likisimama wima, ngoma inapita ubavuni mwake, hailigusi. Nilijibu hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

“Muulize mama,” nikamwambia mchumba wangu, macho yangu chini, “alikiweka kikuku kimesimama ao kimelala.”

Mama alikuwa mkono mmoja kutoka kwangu. Mchumba wangu aligeuka kwake.

“Mama, anauliza uliweka kikuku kimesimama ao kimelala.”

“Mwambie niliweka mu mupunga.”

“Anasema aliweka mu mupunga.”

“Nimesikia. Muulize, kama sahani ao kama gurudumu.”

“Anauliza, kama sahani ao...”

“Kama sahani,” alisema mama. “Gunia likisimama, kikuku kinalala kama sahani, karibu na kitako cha gunia. Mwambie hao watu wa bandari wana fimbo ya chuma, wanachoma gunia kwa ubavu, na wanachoma katikati, kwa sababu ni wavivu kuinama. Fimbo ikija, inakuta ukingo tu, inateleza. Mwambie hata bibi yangu aliweka hivyo. Mutu gani anaweka kikuku kama gurudumu?”

“Anasema...”

“Asante, nimesikia yote.”

Sahani ndani ya gunia lililosimama. Mimi magunia nilikuwa nimeyalaza. Ukililaza gunia, sahani inasimama. Kila gunia nililopitisha mchana kutwa, kama kikuku kilikuwamo, kilipita juu ya bobine yangu kikiwa wima, kinanicheka. Alichowafanyia watu wa bandari, bokilo alikuwa amenifanyia na mimi, na diploma yangu.

“Tunarudia,” niliwaambia wapagazi. “Yakiwa yamesimama.”

Sitaandika waliyosema. Yalikuwa kwa lugha zote za mto. Lakini yule wa maneno ndiye aliyeinua gunia la kwanza, akalikalisha juu ya bobine kama mtoto kwenye mizani, akasema, “Alors, Ingénieur. Kwa sababu ya yale masanga.”

Tukayakalisha. Moja, kimya. Lingine, kimya. Yale ya chuma yakashuka tena, tukayajua, tukayapita. Gérant alikuwa ameshika saa yake mkononi. Magasinier alikuwa bado anaongoza gwaride, ingawa alikuwa amesinzia. Na wakati mlinzi alipokuwa anatembea kwenda kwenye king'ora, nikimwona kabisa kwa pembe ya jicho, gunia moja lilikaa juu ya bobine na mluzi ukapanda.

Haukupanda kidogo. Ulipanda mpaka ng'ambo ya mto watu walifikiri meli imefika. Mke wangu hapa ananyamaza, kwa hiyo mniamini.

“Hili,” nilisema.

“Una hakika?” aliuliza gérant. “Ni moja tu.”

“Si chuma. Ni shaba, ni duara, imelala, na iko karibu na kitako.”

Nimekuwa na siku nzuri maishani, lakini mara chache nimesimama mbele ya watu na kueleza kitu ambacho hakuna anayekiona, nikiwa na hakika kama mtu anayesoma saa ya ukutani. Gérant alikata uzi kwa kisu chake mwenyewe. Mchumba wangu ndiye aliyeingiza mkono, mpaka begani, shavu lake juu ya mpunga. Akasimama hivyo. King'ora kikalia. Na yeye akaanza kutabasamu kabla mkono haujatoka.

Kilikuwa chekundu na kizito, na punje za mpunga zilikuwa zimenasa kwenye nakshi zake. Alimpa mama yake. Mama alikifuta kwa kitenge, akakipima kwa mkono, akatazama mashine yangu iliyolala pale chini na waya zake nje.

“Mwambie,” alisema kwa binti yake, “mara ya kwanza hakukiona.”

Jumamosi tonton zake walikuja. Kikuku kiliwekwa mezani, wakaulizana kilivyosafiri, na bokilo akaeleza, mbele ya ukoo wangu wote wa Maniema, kwamba alikificha vizuri hivi hata mashine ya umeme ilipita juu yake mchana kutwa bila kujua. Hakusema zaidi. Mimi nikasimama nikasema sehemu iliyobaki, na nilisema kwa kirefu, nikaeleza bobine, nikaeleza chuma na shaba, nikachora kwa mkaa sakafuni. Tonton mkubwa alimgeukia mwenzake akasema ndiyo hayo, maneno mengi. Lakini alikuwa ameshapokea glasi. Wapagazi walikunywa walichoahidiwa. Mto haukukauka, lakini ulipungua.

Juma lililofuata gérant aliita kinuni wakina mama wenye magunia yaliyoshusha sauti, akawaacha wayafungue wenyewe, mmoja mmoja, wengine tukigeuka ukutani. Nini kilitoka, sijui. Na tangu hapo kila gunia la mpunga lilipita kwenye bobine yangu kabla ya kinu, likilala halafu likisimama. Wapagazi waliendelea kuniita Ingénieur ya Mangaribi, ila sasa waliita walipokuwa na swali la kuniuliza.

Miaka ilipita, na binti yetu wa kwanza akachumbiwa. Bokilo alikuwa mzee, miguu ile niliyoijua kabla ya uso ilikuwa inatembea kwa fimbo, na kwa miaka mingi tulikuwa tukizungumza vizuri, uso kwa uso. Alikuja kutoka Yanonge na gunia moja tu la mpunga. Alilikalisha katikati ya sebule, akakaa kwenye kiti.

“Kikuku iko wapi, mama?” nikamuuliza.

“Mkwe,” alisema, “toa mashine yako.”

Niliitoa juu ya kabati, nikaipangusa, nikaiwasha mbele ya watoto na wageni. Nilikuwa na somo langu. Gunia lililosimama, sahani iliyolala. Nikaiweka bobine chini, tukalikalisha gunia juu yake, nikatazama watu nikitabasamu.

Mluzi haukutikisika.

Bokilo alikuwa anatazama dirishani. Mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekaa kwenye kile kiti, na kwamba alikuwa amekiona chote nilichochora kwa mkaa sakafuni siku ya mahari.

Nikalilaza gunia. Mashine ikalia kama ndege.

“Kama gurudumu,” alisema bokilo. “Nilitaka kujua kama bado unafikiri.”